Karatasi Niliyombandikia Mgeni wa Bukavu

Nyumbani kwetu Cyangugu tuna vyumba viwili vya kupangisha wageni kwa siku, vyenye baraza inayotazama ziwa. Mwenye nyumba ni mama, lakini bosi wa simu ni mimi tangu nina miaka kumi na mitatu. Mimi ndiye niliyepiga picha, nikaziweka mtandaoni na kuandika kwamba mgeni ataamshwa na sauti ya ndege. Sikusema kwamba ndege mwenyewe ni jogoo wa jirani.

Korona ilipoingia, wageni wote walifuta safari zao. Alibaki mmoja tu, naye alibaki kwa sababu alinaswa: mama muuza vitenge wa Bukavu, mji wa nchi jirani, aliyekuja siku mbili kwa ajili ya harusi kule Kamembe. Mpaka ukafungwa akiwa hata viatu vya harusi hajavifuta vumbi. Na kwao tunakuona kabisa, pale ng'ambo ya maji. Kila saa kumi na moja jioni alishuka ufukweni na kitenge cha njano, akakipunga huku simu iko sikioni. Ng'ambo binti yake naye alipunga chake. Binti alikuwa na mimba ya kwanza, na mgeni wetu alitaka jambo moja tu: awe upande ule siku mtoto atakapozaliwa.

Mimi nilitaka jambo moja pia: kuacha kuchota maji.

Mbele ya mlango wake palikuwa na kandagira ukarabe, kile kidumu unachokanyagia kijiti maji yakakumwagikia mikononi. Sheria ya mama: hakuna kupanda baraza bila kunawa. Na huyu mgeni alipendwa. Majirani walikuja kumpa pole, wakakaa kwenye ngazi mmoja huku mwingine kule, wakapiga soga. Kila mmoja alinawa akija na akanawa akiondoka, kama daktari wa upasuaji. Bomba liko chini ya kilima.

"Mutoto, maji imeisha," mgeni aliniita.

"Maman, hawa bantu bananawa ao banaoga?"

"Leta tu. Siku nitarudia kwetu nitakukatia kitenge."

"Nikipanda tena hii kilima, unikatie sanda."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Mama alikuwa na desturi yake. Mgeni akiondoka, chumba kinalala wazi siku tatu, madirisha yamefunguliwa, na mlangoni anabandika karatasi: chumba kinapumzika, usiingie. Jumamosi moja, mama yuko sokoni na mgeni amelala mchana, nilichukua karatasi moja, nikaigeuza, nikaandika kwa mwandiko wa mama, ambao nilikuwa nauiga vizuri kwa sababu za shule: "Mgeni anakohoa. Msimkaribie." Nikaibandika mlangoni kwake. Hesabu yangu ilikuwa nipumzishe miguu siku moja, kisha jioni niitoe.

Ilifanya kazi. Jirani wa kwanza alifika kwenye ngazi, akasoma, akavuta mtandio mdomoni na kurudi kinyumenyume. Wa pili hata ngazi hakuifikia. Kidumu kikabaki kimejaa pomoni, nami nikacheka peke yangu nyuma ya jiko.

Lakini mmoja wao alikwenda moja kwa moja kwa kiongozi wa isibo, yule anayesimamia nyumba zetu chache, kama tulivyoagizwa wote tukisikia mtu anakohoa. Saa tisa nikasikia gari. Nilikimbia, nikaibandua ile karatasi na kuisokomeza mfukoni. Wakashuka watu wawili waliovaa nguo nyeupe toka kichwani mpaka miguuni. Mgeni akatoka, alama za mto bado ziko shavuni.

"Miye nakohoa? Nani amesema?"

Akacheka. Kicheko kikampalia, akakohoa kweli. Basi, pale pale wakamwambia apande gari, akapimwe.

Nilifungua mdomo niseme. Kilichotoka ni, "Maman, nikufungie sanduku?"

Jumatatu iliyofuata waliokwama wangeruhusiwa kuvuka, na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Jumatatu ilimkuta ametengwa, anangoja majibu. Mjukuu alizaliwa Jumatano. Majibu yalitoka siku iliyofuata: hana kitu. Mpaka ulikuwa umeshafungwa tena.

Jioni aliyorudi nilishuka naye ufukweni, kidumu mkononi. Ng'ambo mtu aliinua kifurushi cheupe.

"Weye uko na macho ya mutoto. Unamuona?"

"Namuona, Maman. Anafanana na weye."

Niliona kitambaa tu. Akanishika mkono uliolowa maji, akalia bila sauti.

Alivuka baada ya wiki nyingi. Kitandani aliniachia kitenge, kimekunjwa vizuri, bado kina harufu ya duka. Sijawahi kukishonesha. Mama naye aliamua kwamba aliyezusha habari ya kukohoa ni mwenye jogoo, na hawasalimiani mpaka leo. Jogoo peke yake ndiye anayepita uani bila kinyongo.

Sasa niko sekondari, wageni wamerudi, na maoni yao yote huwa nayajibu kwa mzaha. Moja tu sijalijibu. Lina nyota zote: "Nyumba safi. Yule binti wa maji iko na roho muzuri."

Leo mama, akiwa na simu yangu mkononi, ameuliza, "Huyu Maman wa Bukavu hujamjibu miaka yote hii? Hiyo ni adabu gani?"

Nimechukua simu, nikaandika: "Maman, ile karatasi niliandika mimi." Kidole kikagoma kutuma. Mama bado amesimama, mkono kiunoni, anangoja nimsomee nilichoandika.

Nimemwambia akae kwanza.