Mndimu wa Mama na maji niliyokuwa namwaga chooni

Salamu kwenu wakuu, wa bara na wa visiwani.

Haya ninayowasimulia ni ya nyumbani kwetu, na mti wenyewe uko mbele yangu ninapoandika. Sitatia chumvi. Chumvi yenyewe mtaikuta huko mbele.

Tunaishi Amu, yaani Lamu mjini, kwenye nyumba ya mawe ya zamani. Chini kuna kiwanda, yaani ule ua mdogo ulio wazi juu, na humo ndimo lilimo shamba la Mama. Mchicha kwenye madebe, pilipili, mrehani kando ya ukuta, na katikati mndimu mmoja alioupanda kwa mbegu kabla sijazaliwa.

Ndimu zake ndizo achari yetu ya mwaka mzima. Nusu ya mtaa huleta chupa tupu na kujifanya wamekuja kusalimia.

Mwaka jana Mama akateleza ngazini, mguu ukavunjika. Mfupa uliunga, lakini hofu haikumtoka. Akawa hashuki tena. Anaswali chumbani, anakula vijiko viwili vitatu, basi.

Dada yangu Khadija anaishi Mombasa. Akasema Eid ikipita anakuja kumchukua, na nyumba tutafute mtu wa kuipanga. Mama alimjibu kwenye simu kwa sauti ya chini:

"Muti wangu ukifa, nitukueni. Ukiwa hai, niwateni."

Nilijua hatanii. Mti ukifa tumchukue, ukiishi tumwache kwake.

Hapo stress ikaanza wakuu. Mimi ni fundi wa umeme, mti naujua ukishakuwa nguzo. Na mndimu ulikuwa umeshaanza kuungua ncha za majani.

Nikatazama video mtandaoni usiku na mchana. Nikavuka hadi Mokowe, nikarudi na mfuko wa mbolea nimeupakata kwenye boti. Nikawa nautekea maji ya kisima asubuhi na jioni, ndoo baada ya ndoo, kwa mapenzi yote.

Kadiri nilivyounywesha, ndivyo majani yalivyozidi kuanguka.

Jirani yetu Bi Zena akasema mti umepatwa na jicho. Akausomea, Mwenyezi Mungu amlipe. Majani yakaendelea kuanguka.

Kila jioni Mama ananiuliza, "Muti u hali gani?" Namjibu unaendelea. Simwambii unaendelea wapi.

Sasa sikilizeni.

Siku moja baada ya adhuhuri nilikaa kwenye kijiwe cha Mama, jiwe lake la kukalia pale chini ya mndimu. Saa hizo mwanga unashuka ukutani taratibu, mrehani unanukia, na mji wote umenyamaza. Usingizi ukanichukua nusunusu.

Nikasikia kata ya kuchotea maji ikigonga ukingo wa birika, lile tangi la mawe lililo pale uani. Kisha maji yakimwagika, kidogo kidogo, kama mtu asiye na haraka.

Nikafumbua macho. Hakuna mtu.

Ilikuwa sauti niliyoamka nayo utoto wangu wote, na tangu Mama aanguke sijaisikia. Nilihisi ukiwa ambao sikujua ninao.

Nikainamisha kichwa nijipanguse macho, nikaona chini ya kijiwe. Zamani palikuwa na ukungu wa kijani, tukiteleza hapo tukipigiwa kelele. Sasa pamekauka, na udongo una utando mweupe. Nikaugusa, nikaonja. Chumvi tupu.

Nikapanda ngazi mbio. "Mama, huu mti ulikuwa ukiunywesha maji gani?"

Akanitazama kwa mshangao. "Siyapata kuunywesha muti ule mai. Nali nikitawadha hapo tu."

Hajapata kuunywesha maji hata siku moja, alikuwa akitawadha hapo tu.

Wakuu, kisima chetu kina maji ya chumvi, kinafaa kufua na kuosha sakafu. Maji ya mvua yako kwenye birika, ni ya kunywa na kutawadha, na Mama huyalinda hasa. Miaka yote hiyo, kila swala, alikaa kwenye kijiwe chake akatawadha kwa maji matamu, yakatiririka hadi kwenye mizizi. Alipohamia juu akawa anatawadha kwenye beseni.

Na beseni nalimwaga mimi. Chooni.

Mama akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aanguke. Nami nikacheka, huku nataka kulia.

Toka siku ile beseni linateremshwa kwa mndimu. Kisima nikakiacha. Mvua zilipokuja zikaosha udongo, na vichipukizi vikatoka. Baadaye maua, hadi harufu ikapanda chumbani kwake. Ndimu zilikuwa chache. Nikazipasua yeye akiniongoza kutoka kitandani, kisu nisikifikishe mwisho, nijaze chumvi na pilipili, kisha chupa niipandishe darini, juu ya paa, ikae juani, niitoe kabla ya umande.

Khadija akafika na begi kubwa. Tuko sebuleni tunanong'ona nani atamwambia kwamba dada bado anataka kumchukua, tukasikia kata ikigonga birika.

Safari hii sikuwa usingizini. Khadija naye alisikia.

Tulimkuta kwenye kijiwe chake. Ameshuka peke yake, mkono ukutani, ngazi moja moja. Anaosha miguu, maji yanakwenda kwenye mti. Hakutugeukia hadi alipomaliza.

"Khadija mwanangu, achari haiyaiva. Ntakwenda vipi niiwate yuani?"

Dada alilia, kisha akalifungua begi na kuanza kutoa nguo zake mwenyewe. Alikaa nasi mwezi.

Nililojifunza ni hili: kitu kikianza kunyauka mkononi mwako, kabla hujaongeza chochote, tazama kwanza ni kipi kilichokuwa kikifika hapo na sasa hakifiki. Nadhani hata kwa Mama ilikuwa hivyo hivyo.

Wenye visima vya chumvi kama chetu, nyinyi mnapanda nini na mnanywesha nini? Niandikieni hapo chini. Nikichelewa kujibu msinune. Alasiri inaadhiniwa, na Mama ananiita nimjazie kata.