Picha ya Jicho la Kulia

Pale kliniki ya macho walimwita Mama Picha, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na mmoja muuguzi huyu aliwakalisha wagonjwa wa kisukari mbele ya kamera, akawapiga picha ya ndani ya jicho, akaisoma mwenyewe kabla ya daktari, ambaye alifika Alhamisi tu. Alichosema yeye, daktari hakukikagua tena.

Ndipo ikaletwa kompyuta ya kusoma picha hizo. Wiki ya kwanza tu ikadai kwamba kope ya mzee mmoja iliyoingia pichani ni ugonjwa. Mama Picha alicheka mpaka akashika mbavu. "Hii nayo inahitaji miwani!" Tangu siku hiyo hakuipa heshima tena.

Siku moja akaja kupimwa dada yake mkubwa, fundi cherehani mwenye sukari ya miaka mingi. Kompyuta ikaandika: jicho la kulia, amwone daktari haraka. Mama Picha akakodoa macho. Hakuona kitu ila kivuli chembamba pembeni. Vumbi la kioo hilo, akajiambia, akaifuta taarifa.

"Inasemaje, mdogo wangu?"

"Uko safi, dada. Nenda zako ukashone."

Miezi mitano baadaye dada aliletwa ameshikwa mkono. Alikuwa akikata kitambaa, jicho la kulia likajaa weusi ghafla. La kushoto lilikuwa na ukungu tangu zamani.

Daktari alimwita Mama Picha chumba cha pili, akaikuza ile picha. Pale pembeni palikuwa na vimishipa vipya, vyembamba kama nywele, vile vinavyopasuka na kuvuja damu. Vingewahiwa, vingechomwa kwa mwanga, yakaisha.

"Nani aliifuta taarifa hii?"

"Mimi."

Daktari hakufoka. Bora angefoka. Alifunga faili, akatoka.

Upasuaji haukurudisha kitu. Cherehani ikafunikwa shuka.

Siku hizi kila anayekuja kumjulia hali dada husimuliwa habari ile ile. "Kompyuta yao ndiyo iliyoniponza. Mdogo wangu maskini aliiamini tu." Kisha humpapasa mdogo wake mkono, amfariji.

Mara mbili Mama Picha amefungua kinywa aseme. Mara zote mbili ameishia kumuuliza dada kama anataka chai.