Niliandika "Manjano", Dawa Ilikuwa Kijivu

Kosa ni langu, na msitafute mwingine wa kumtupia. Nimekaa nalo miaka mingi, watu wa Rumonge wakinipisha njiani kwa heshima, nami ndani najua sistahili. Leo nalisema mbele yenu, walimu wenzangu. Jina langu tu ndilo ninaloficha, hata hilo kwa aibu.

Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa nafundisha kemia kwenye lise, shule yetu ya sekondari. Chuo kikuu kimoja cha Bujumbura kikatafuta walimu wa sekondari waje wakati wa likizo kubwa, wafanye utafiti kwa mikono yao kwenye labo. Kazi ilihusu chembe za madini ya fedha, ndogo mno, hata darubini ya shule haizioni. Ukizipaka ndani ya chungu cha kuchujia maji, zinaua vijidudu.

Kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Tulikunywa maji ya ziwa, na kipindupindu kilikuwa kinarudi kila mara. Kuchemsha maji kulitaka kuni, na kuni ziko milimani, walikokuwa watu wenye bunduki. Kuna wanawake walipanda kuokota kuni wasirudi. Jirani yangu, Mama Consolata, aliyekimbia vita Minago pamoja na mama yake mzee, alikuwa anapanda kila wiki.

"Mwalimu, tuletee hicho chungu," aliniambia nilipokuwa naondoka. "Nimechoka kuogopa."

Nilifika Bujumbura juu ya lori la mafuta ya mawese, wanajeshi mbele, wanajeshi nyuma. Kwenye labo nikamkuta msaidizi wa profesa aliyeongoza utafiti, binti anayeitwa Jeanine. Nilimjua. Nilimfundisha mimi. Siku moja nilimwambia mbele ya darasa zima kwamba kemia si kazi ya wasichana.

Yeye alinipokea kwa mikono miwili. "Amahoro, Mwalimu. Karibu sana."

Alitufundisha kwa uvumilivu kutengeneza dawa, yaani maji yenye chembe hizo. "Chupa musioshe na maji ya bomba, iko na chumvi. Tumieni maji ya labo tu, ile haina chumvi. Dawa ikiwa manjano, chembe ziko zimeachana, iko sawa. Ikigeuka kijivu zimeshikana, haina kazi tena. Mumwage, muanze upya."

Sikuelewa chumvi inaingiaje hapo. Wenzangu waliuliza, wakaandika. Mimi nilitikisa kichwa kama mtu anayejua. Ningemuuliza vipi mtoto niliyemfundisha?

Wiki ya mwisho kila mwalimu alitengeneza dawa yake ya kupaka vyungu vya kurudi navyo kwao. Maji ya labo yakaniishia. Kupata mengine ilibidi nimwombe Jeanine, na siku hiyo alikuwa ameshanisahihisha mara mbili. Nikaosha chupa bombani.

Asubuhi dawa ilikuwa kijivu kama majivu ya jikoni.

Malori yalikuwa yanaondoka saa sita mchana, na safari nyingine haikujulikana itakuwa lini. Nikapaka vyungu hivyo hivyo. Kwenye kaye, daftari la labo, mahali pa rangi, nikaandika "manjano". Mahali pa kipimo nikaandika "imepimwa". Sikuwa nimepima kitu.

Jeanine, aliyekuwa akikagua kazi zetu, akaja na kalamu. "Mwalimu, umeshapima kweli?"

"Unanifundisha kazi?"

Akainamisha macho. "Unisamehe, Mwalimu." Akatia saini chini ya jina langu.

Nilirudi Rumonge na vyungu vitatu. Kimoja nilimpa Mama Consolata. Maji yalitoka maangavu, maana udongo wenyewe unachuja tope.

"Sasa niache kuchemsha?"

"Acha. Mlimani usipande tena."

Hazikupita wiki tatu, mama yake akaanza kuharisha. Siku ya pili macho yalikuwa yameingia ndani. Tulimbeba kwenye baiskeli hadi hema la wagonjwa wa kipindupindu. Siku ya tatu alifariki.

Kwenye mazishi Mama Consolata alinishika mkono. "Ulitaka kutusaidia, Mwalimu. Murakoze." Kuliko asante hiyo, heri angenitemea mate.

Habari za kifo hicho zilipofika chuoni, profesa aliagiza vyungu virudishwe, akaona dawa iliharibika tangu mwanzo. Saini ya ukaguzi ilikuwa ya Jeanine. Nikaandikiwa barua nieleze kilichotokea. Nilijibu kwa mstari mmoja: nilifuata maelezo ya msaidizi.

Mstari huo ndio uliomtoa Jeanine chuoni.

Vita vilipotulia nilimtafuta. Nikamkuta kijijini Kizuka, anapika sabuni ya mawese kwenye pipa, mikono imebabuka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana kiti alichonipa sikuweza kukikalia.

"Nilijua, Mwalimu," akasema. "Niliona chupa yako kabla ya kusaini."

"Kwa nini hukukataa?"

"Nilikuogopa, tangu darasani. Na yule mama aliyekufa, mimi pia niko namuwaza."

Nilimwahidi nitamsafisha kwa profesa. Nilikwenda. Profesa alikuwa amehama nchi, na labo ilikuwa imefungwa, hakuna aliyejua ufunguo ulipo. Nikaacha barua kwa katibu. Haikujibiwa.

Mama Consolata naye nilimwambia. Alikuwa anaanika ndagala, vile visamaki vya ziwani. Alimaliza kuzitandaza zote, akaingia ndani, akafunga mlango. Hadi leo akinikuta njiani ananisalimu kama anavyomsalimu mgeni.

Walimu wenzangu, mkipelekwa kujifunza, kubalini kuwa wanafunzi, hata kama anayefundisha mlimfuta kamasi ninyi. Ulizeni, hata mara kumi. Na kama umeshadanganya, usikae ukingoja hali itulie kama nilivyongoja mimi. Nenda useme leo, mtu wa kuambiwa akiwa bado yupo.