Ugali wa Ghorofa Tatu

Keki ya harusi ya ghorofa tatu, pamoja na sukari yake yote ya juu, hufika kilo kumi na nne. Ninajua kwa sababu huipima kila moja kabla haijatoka nyumbani kwangu Kawangware, kama watoto wanavyopimwa kliniki. Nimeoka kwa miaka mingi bila mwalimu, nikijifunza kutoka kwa vitabu vya mitumba na kwa kuharibu unga, na nimegundua kwamba kuoka si kazi ngumu. Kazi ngumu ni barabara.

Mwaka juzi keki yangu ilifika Kibera ikiwa imelala. Ilikuwa ya binti wa mama mmoja Mnubi mwenye nyumba za kupangisha kule Makina. Teksi iliruka tuta moja tu, na ghorofa ya juu ikaegemea ukingoni kama mlevi kwenye ua. Yule mama aliitazama, akakiinamisha kichwa chake upande ule ule iliolalia keki, akaniambia kwa upole:

"Tamu ni tamu, mwanangu. Lakini wageni wangu hawawezi kula shingo zikiwa hivi."

Alikuwa na binti wa pili ambaye angeolewa Desemba iliyofuata. Aliniahidi nafasi moja. Keki ikifika imesimama, harusi zote za ukoo wake zitakuwa zangu. Ikifika imelala, tutabaki watu wa kusalimiana tu.

Mume wangu ni fundi wa maji. Huvuta mifereji Gatwekera na Silanga, huko huko Kibera, na mabomba yake ya mita sita husafiri kwa mkokoteni, naye akitembea nyuma yake kama mtu anayesindikiza jeneza. Tulikuwa tumefika mahali pa kununua gari, na gari moja tu. Tulikubaliana liwe haibridi, lenye injini na betri pamoja, kwa kuwa maisha yetu ni ya foleni na mwendo wa kobe, na nilikuwa nimesoma kwamba mwendo wa kobe ndio betri huupenda. Baada ya hapo hatukukubaliana tena. Yeye alitaka pikapu. Mimi nilitaka SUV.

"SUV ni gari la kwenda kanisani," alisema.

"Na pikapu?"

"La kufanya kazi ndio upate sadaka ya kupeleka huko kanisani."

Yeyote ambaye angeshindwa angebaki kwa miguu. Nilijua hilo, naye alijua, kwa hiyo nikapendekeza jaribio. Niliandika sheria zake kwenye daftari: njia iwe moja, dereva awe mmoja, mwendo usizidi kilomita ishirini kwa saa, mzigo uwe ule ule, na asipande mtu mwingine yeyote zaidi yetu na muuzaji. Mume wangu huniita Inspekta. Alisoma sheria hizo, akatia sahihi chini kwa madaha kama mtu anayefunga ndoa ya pili.

Sikuwa tayari kuvunja keki mbili kwa ajili ya sayansi, basi nikapika ugali. Niliusonga mgumu, nikaushindilia ndani ya tini zangu tatu za keki, ya sentimita thelathini, ya ishirini na tatu na ya kumi na tano, nikauacha upoe hadi asubuhi. Hesabu yangu ilikuwa hivi: ugali ni imara kuliko keki, kwa hiyo barabara inayovunja ugali haiwezi kusamehe keki. Asubuhi niliupanga juu ya vibao vyake, nikapitisha kijiti cha mbao katikati, nikaupima. Kilo kumi na nne na robo. Ulikuwa mweupe, wenye kingo kali, umenyooka. Nakiri ulikuwa umesimama vizuri kuliko baadhi ya keki nilizowahi kutoa.

Mume wangu aliingia jikoni akiwa na fulana na mswaki mdomoni.

"Nani anaolewa?"

"Hakuna."

"Huu ni ugali."

"Ndiyo."

Aliuzunguka pole pole. "Na mboga itakuwa ya ghorofa ngapi?"

Nilicheka hadi nikashika meza. Meza ilitikisika, ugali haukutikisika, na hilo pia nililiandika.

Muuzaji wa yadi ya magari alileta SUV saa tatu asubuhi. Alikuwa mwanaume wa makamo, suti ya samawati, viatu vilivyochongoka. Alipoona kile nilichokibeba, alipiga makofi.

"Hongera sana, madam! Arusi ni leo?"

"Ni ugali," nikasema.

Alimgeukia mume wangu kwa ile sura ya mwanaume anayemtafuta mwanaume mwenzake.

"Ni ugali, boss," mume wangu alisema. "Ingia twende."

Gari liliondoka kwa betri, bila sauti yoyote. Hapo niligundua jambo ambalo halikuwemo katika kijitabu chake: Kawangware hupisha magari kwa masikio. Kuku hawakusogea. Mtu mmoja aliyebeba kreti ya mayai alitembea mbele yetu katikati ya njia kwa utulivu kamili, hadi alipogeuka akakuta boneti iko kiunoni kwake.

"Wewe! Mbona unaninyemelea na gari?"

"Ni haibridi, ndugu yangu," mume wangu alisema.

"Basi iambie ikohoe!"

Tulipita Ayany, tukateremka hadi Silanga, pale barabara inapokaribia bwawa na kuwa mashimo yaliyounganishwa. Niliketi nyuma nikiwa nimegeukia buti, macho kwenye ugali. Uliyumba, ukarudi. Nikaandika: Umesimama. Hakuna ufa. Mume wangu aliomba kipande cha bomba kwa mteja wake wa hapo Silanga, akajaribu kukipakia. Mita mbili na ushei ziliingia, zingine zikachungulia nje ya mlango wa nyuma kama ulimi wa ng'ombe. Muuzaji akataja keria ya juu ya paa. Mume wangu akauliza kama keria hiyo ingebeba pia tangi la lita elfu moja. Muuzaji akaanza kusifu redio.

Alasiri muuzaji yule yule akaleta pikapu, yenye milango minne. Nilijaribu kwanza kuuweka ugali kwenye kiti cha nyuma, lakini kiti kile kimeinama, na paa lilinikatalia kwa sentimita mbili. Basi tukauweka ule ule, haujaguswa, kwenye karai la nyuma, pale pa kubebea mizigo, ndani ya sanduku lisilo na kifuniko lililofungwa kwa kamba, nami nikautazama kupitia kioo cha nyuma.

Nyuma palikuwa patupu, na watu waliona. Kibera pikapu tupu haipiti hivi hivi. Hukodi, huombi, unapanda tu. Lakini sheria yangu ya tano ilisema asipande mtu, kwa hiyo tuliwapita wanawake wawili waliokuwa wameshainua mkono pamoja na mafurushi, na bwana mmoja mwenye toroli, ambaye alitupigia kelele:

"Hata shetani hutoa lifti!"

Kwenye tuta la kwanza la Ayany, nyuma ya pikapu iliruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Kwenye tuta la pili niliona ufa. Tulipofika Silanga ghorofa ya tatu ilikuwa vipande viwili, kimoja kikining'inia kwenye kijiti na kingine kimelala pembeni ya sanduku.

Nikaandika: Umeanguka.

Nilikuwa nimeshinda, tena kwa vipimo nilivyovitunga mwenyewe. Mume wangu alishuka, akatazama sanduku, akapigapiga ubavu wa pikapu kama mtu anayemuaga farasi asiyeweza kumlisha.

"Sawa, Inspekta. Chukua SUV. Mimi na mkokoteni tumezoeana."

Hakusema kwa uchungu. Ingekuwa rahisi kwangu kama angesema kwa uchungu. Nilikuwa nimesimama na daftari mkononi wakati sauti ilipotoka upande wa mashamba ya bwawani.

"Fundi! Hiyo gari inaenda wapi ikiwa empty?"

Alikuwa mama makaa, mteja wake wa zamani wa mfereji, mwanamke mwenye mabega mapana anayeuza makaa na mboga hapo Silanga.

"Kawangware," mume wangu alijibu.

"Na mimi nikiwa na gunia tano za Kawangware, umesimama hapo unaangalia gurudumu?"

Hakungoja jibu. Gunia la kwanza lilikuwa limeshapanda. Jaribio lilikuwa limekwisha, kwa hiyo sikuwa na sheria ya kumzuia. Kisha wakaja wale wanawake wawili wa mafurushi, ambao walikuwa wametufuata kwa miguu wakiwa na mengi ya kusema, na baada yao yule bwana na toroli lake. Mama makaa akachungulia sandukuni.

"Hii ni nini?"

"Ni keki," nikasema.

"Hii ni ugali."

"Ni ugali wa keki."

"Mmh. Kwenu sufuria ziliisha?"

Kabla hatujaondoka nilikiokota kile kipande kilichoanguka, nikakirudisha juu bila kukichoma kwenye kijiti, kwa heshima tu, kama mtu anavyomfunika maiti uso. Tukaanza kupanda. Shimo la kwanza likaja na kupita. La pili. Nilitazama kioo cha nyuma. Kipande kile kilikuwa palepale.

"Simamisha gari," nikasema.

"Umesahau nini?"

"Rudi nyuma. Pita shimo hilo tena."

Tulilipita tena. Kipande hakikusogea. Pikapu ilikuwa imetulia chini ya yale makaa na wale watu, ikipanda na kushuka taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto. Springi za nyuma za pikapu ni bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, nazo zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo. Zikikosa mzigo hurukaruka. Hilo lilikuwa limeandikwa wazi kwenye kijitabu cha gari, nami nilikuwa nimelisoma mara tatu nikidhani linawahusu wenye saruji. Nililisafisha jaribio langu hadi likaacha kufanana na Kibera. Hakuna pikapu inayotembea tupu huku. Nilikuwa nimejaribu gari ambalo halipo.

Tulipofika Ayany nilitaka uhakika. Tulilipita tuta la kwanza mara moja, tukageuza, tukalipita mara ya pili.

"Fundi," mama makaa aligonga paa, "tunaenda ama tunazungusha bibi arusi?"

Neno hilo lilitosha. Mmoja wa wale wanawake alipiga kigelegele. Wa pili akaitikia. Watu wa kando ya barabara waliona wanawake wanashangilia nyuma ya gari lisilo na sauti, kitu cheupe cha ghorofa tatu katikati yao, wakaitikia pia. Mtu akapiga kelele, "Arusi! Arusi!" Muuzaji wa yadi akaomba tusimame. Nilidhani ameudhika. Alishuka, akazunguka nyuma na ile suti yake ya samawati, akapanda na kuketi juu ya gunia la makaa.

"Nataka kuona mwenyewe," alisema. "Piteni tena."

Tulipita mara ya tatu. "Haijasonga!" akapaza sauti, mikono juu, kama aliyeona bao. Mume wangu alikuwa anacheka hadi machozi yanamtiririka, nami nilijaribu kuandika matokeo na mkono ukakataa. Ukurasa huo ninao hadi leo. Una mstari mmoja unaopanda na kushuka, hausomeki.

Ghorofa zote tatu tulizila siku hiyo hiyo hapo kwetu, kwa sukuma wiki za wale wanawake. Muuzaji alikula zaidi ya wote. Mgongo wa suti yake ulikuwa mweusi, naye hakuuliza tena tunachukua gari lipi.

Desemba ilipofika, mume wangu alikuwa amenitengenezea sanduku la mbao lenye kifuniko kinachoziba vumbi. Asubuhi ya harusi tulipakia kwanza mabomba kumi na mawili ya kazi yake ya Jumatatu, kisha mifuko minne ya mchanga, kisha sanduku. Kilo kumi na nne kamili. Mama makaa alipanda na magunia matatu, akiwa amevaa nguo yake nzuri, kwa kuwa nilimweleza jukumu lake naye alilichukua kwa uzito. Sikutazama kioo cha nyuma hata mara moja. Kila tuta nilifumba macho.

Tuliingia uani Makina wakati wa dua. Hakuna aliyegeuka, maana hakuna aliyetusikia. Dua ilipokwisha, watu walikuta pikapu iko kati yao. Yule mama Mnubi alitujia akiwa amejifunga gurbaba, lile shuka la Kinubi, ya rangi ya chungwa. Alitazama mabomba, mchanga, magunia, na mama makaa aliyeketi juu yake wima kama askari.

"Nimeagiza keki," alisema. "Hii ni hama-hama?"

"Bila hawa haisimami, mama," nikasema.

Mume wangu alifungua kifuniko. Yule mama alisogea karibu. Aliinamisha kichwa kushoto, akatazama. Akakiinamisha kulia, akatazama. Kisha akainyoosha shingo yake taratibu, nami nikahisi yangu ikinyooka pamoja nayo.

"Machi kuna nyingine," alisema. "Ya mpwa wangu." Akamgeukia mama makaa. "Wewe, Machi una nafasi?"