Taa za Televisheni Zilivyoita Senene Uwanjani Muleba

Jumamosi, Novemba 16, 2024, saa mbili kasoro usiku. Kyaruzi Lwakatare amelishika komeo la geti kwa mikono miwili. Nje, wanawake wenye ndoo na viroba wanalisukuma.

Ndani mpira unaendelea na televisheni inarusha moja kwa moja. Taa za kukodi zinamulika hadi migombani, na senene, wale panzi ambao Wahaya huwasubiri kila Novemba kwa kitoweo, wanamiminika kuzifuata.

"Waitu, tata, fungua! Utatuua kwa ajili ya mpira?" analia mama mwenye mtoto mgongoni.

Kyaruzi anamwona mtoto akibanwa kwenye bati. Anafungua.

Punde uwanja mzima umeinama kuokota. Mwamuzi anapuliza filimbi, nani amsikie? Kipa wa nyumbani, Derick, amevua glovu na anazijaza senene. "Leo ndiyo umedaka!" mashabiki wanamtania. Mechi inavunjika.

Kicheko kiliisha kesho yake, wakubwa walipoanza kutafuta wa kumbebesha lawama.

Kyaruzi, 58, ni mlinzi wa uwanja huu ulio nje kidogo ya mji wa Muleba. Ndiye anayefyeka nyasi na kuchora mistari kwa chokaa. Analipwa shilingi 120,000 kwa mwezi, zikipatikana, na anaishi kwenye chumba kilicho nyuma ya geti. Mkewe, Felicitas, alifia humo miaka sita iliyopita. Kwingine hana.

Ligi ya kanda ilikuwa na timu kumi na mbili. Kampuni ya televisheni ilipokuja na mkataba wake ikataka mechi ziwe nyingi, tena za usiku, watu wakiwa wamekaa sebuleni. Basi wakubwa wakaongeza timu nne chapchap. Muleba ikaingia kwa sharti moja: taa. Mlinzi hakuulizwa, wala mkulima wa jirani.

Sasa timu inaweza kuondolewa. Ijumaa kamati ya ligi inakaa Bukoba na Kyaruzi ameitwa, ila kosa limeshapewa mwenyewe: aliyeshika ufunguo.

"Pikipiki ikipunguza mwendo hapo nje, moyo unaruka," anasema Kyaruzi. Godoro amelisogeza mbali na dirisha. Juzi mchana mtu alipiga bati la mlango kwa rungu, akafoka: "Mzee Senene, umetuuza! Timu ikitoka, na wewe unatoka!"

Sokoni haendi tena. Shemeji yake, Anatolia, ndiye anayemletea ebitoke, ndizi za kupika, kutoka Kashozi, akizimenya huku anachungulia njia.

"Shemeji, twende kwetu. Watakuchomea humu."

"Nikikimbia watasema nilikula hela."

"Hela gani? Hata chumvi huna!"

Wanacheka kidogo. Kisha pikipiki inapita, na kisu cha Anatolia kinasimama kwenye ganda mpaka mlio upotee.

Katibu wa kamati, Wilbert Kamala, naye Mhaya mzaliwa wa Kashozi, anasema kwa simu kwamba geti ni jukumu la mlinzi. "Televisheni hawajui habari za senene. Wanajua mechi yao imevunjika."

Nani aliikubali tarehe hiyo? "Ratiba inatoka juu." Juu wapi, hakusema. Bodi ya ligi inasema waulizwe watu wa televisheni, na hao wanasema ratiba ni ya bodi. Ndivyo walivyo: sifa zina wenyewe, lawama inateremka mpaka getini.

Kyaruzi anachoomba ni kimoja, abaki na chumba chake. Shati la Ijumaa limeshafuliwa, linaning'inia kwenye msumari.

"Ukifika piga magoti, shemeji," Anatolia anamsihi. "Usibishane na wakubwa."

"Magoti nitapiga," anajibu. "Ila nitawauliza. Siku ile mnakubaliana taa ziwake Muleba mwezi wa Novemba, pale mezani hapakuwa na Mhaya hata mmoja?"