Kiganja cha Mama Mizani

Miaka kumi na tisa ya kupima watoto katika chumba kimoja chenye ndoano moja darini ilitosha kumnyang'anya mwanamke yule jina alilopewa na wazazi wake. Wagonjwa, wauguzi, hata muuza maji wa getini, wote walimwita Mama Mizani, naye akaitika.

Kila Alhamisi asubuhi aliitundika mizani yake, akaijaribu kwanza kwa jiwe la kilo mbili, kisha akatoa sauti mlangoni: "Haya, wa kwanza! Vua nguo, acha maringo!" Mtoto aliingizwa kwenye kaptura ya turubai, miguu ikaning'inia, kilio kikapanda, mshale ukacheza ukatulia. Mama Mizani akasoma, akaandika.

Kuandika kwenyewe kulikuwa kazi ya mkono mzima. Daftari la zahanati lilikuwa la nakala tatu, karatasi nyeupe juu, ya waridi katikati, ya njano chini, na karatasi nyeusi za kaboni kati yake. Ukiandika kwa madaha, ya njano inatoka tupu na unaitwa ofisini ukajieleze. Kwa hiyo alizoea kukandamiza kalamu kama anayechimba, na kulaza kiganja chote juu ya daftari ili karatasi zisiteleze. Kidole chake cha kati kilikuwa na sugu ngumu kama punje ya mahindi. Shule alisoma ya msingi tu, lakini nakala zake za njano zilisomeka kuliko za mtu yeyote katika zahanati ile, na jambo hilo alilijua.

Ndipo zikaja kompyuta za mkononi.

Zilikuja ndani ya boksi, tano, nyeusi, kila moja ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na nyuma ya kila moja kitundu kilichoficha kalamu nyembamba ya plastiki. Mtaalamu aliyezileta alikuwa kijana mwenye kitambulisho shingoni na maneno ya haraka. Sista mkuu, muuguzi aliyeongoza zahanati, alisimama kando yake amekunja mikono.

"Wiki hii mnajifunza," alisema Sista mkuu. "Alhamisi mnazijaribu kwa watoto wenyewe. Jumatatu inayofuata ni mtihani. Atakayeweza anabaki mahali pake. Atakayeshindwa ataenda chumba cha kufulia. Mashuka hayahitaji kompyuta."

Mama Chanjo, aliyedunga sindano chumba cha pili, akamwinamia Mama Mizani sikioni. "Kalamu haina wino, karatasi yenyewe hakuna. Shoga, hapa tunafundishwa kazi au uchawi?"

Mama Mizani hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuyaona yale mashuka.

Mtaalamu aliwaonyesha namna ya kuiamsha mashine, namna ya kuichomoa kalamu, namna ya kugusa jina la mtoto ili ukurasa wake ufunguke. Katikati palikuwa na kiboksi cha kuandikia uzito. Ukiandika tarakimu, mashine inazigeuza kuwa maandishi safi. Ukimaliza, unagusa neno "Hifadhi", na ukurasa wa mtoto anayefuata unajileta wenyewe. Chini kabisa, pembeni kulia, kulikuwa na mshale mdogo wa kuruka mtoto ambaye hakuja.

Mama Mizani aliandika nne, mashine ikasoma tisa. Akaandika saba, ikasoma moja. Akakandamiza zaidi, kioo kikafanya mawimbi kama maji ya beseni.

"Mama, gusa. Usikandamize," mtaalamu alisema. "Fanya kama unamgusa mtoto aliyelala."

"Mtoto aliyelala mimi simgusi kabisa, baba. Akiamka utambembeleza wewe?"

Darasa zima likaangua kicheko, mtaalamu naye akacheka. Aliwaeleza mengi siku ile. Moja hakulieleza kwa sababu halikuwahi kupita kichwani mwake: kwamba mtu anaweza kuja kulaza kiganja kizima juu ya kioo. Kijana yule hakuwahi kuona kaboni maishani mwake.

Mashine hazikuruhusiwa kutoka nje ya zahanati. Nyumbani, binti wa mwisho wa Mama Mizani alikata ubavu wa boksi la viatu, akachora kiboksi katikati na majina juu, akampa mama yake sindano ya kufumia iwe kalamu. Wakakaa jikoni jioni, sufuria ikichemka.

"Nne yako iache mdomo wazi, mama. Ukiifunga inakuwa tisa. Haya, andika. Mama! Unaandika au unasaga?"

"Mkono wangu ndivyo ulivyo."

"Basi ubadilishe mkono."

"Ningekuwa na mwingine ningekuchapa nao."

Binti akacheka, lakini alipomwangalia mama yake vizuri akavuta ncha ya kanga amfute uso. Kijasho kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo, kwa boksi la viatu tu. Na hilo boksi lilikuwa mwalimu mbaya, kwa kuwa kiganja hata kikilala juu yake halisemi neno.

Alhamisi ikafika. Ilikuwa zamu ya watoto wa miezi minane hadi kumi, ishirini na watatu kwa hesabu. Daftari la nakala tatu lilikuwa limefungiwa kabatini na ufunguo alikuwa nao Sista mkuu. Hata kadi za kina mama hazikuandikwa siku ile. Mashine ndiyo ingelinganisha uzito wa leo na umri, na mtoto aliyekonda kupita kiasi jina lake lingekuwa jekundu, aitwe kwa simu.

Watoto saba wa kwanza Mama Mizani aliwaandika mkono ukiwa hewani kwa woga, bega likimuuma. Kwa mtoto wa nane mkono ulichoka. Ukashuka kidogo tu, ukakaa pale ulipozoea kukaa miaka yote, kisha mtoto akarusha teke na mkono ukainuka tena. Hakuona kitu. Macho yake yalikuwa kwenye kiboksi, na majina yaliandikwa juu kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Mtoto wa kumi na nne alikuwa wa mshonaji, mwanamke mwembamba mwenye kibanda cha cherehani nyuma ya zahanati. Mtoto aliingizwa kwenye kaptura, akaning'inia kimya, hakulia hata kidogo. Mshale ukatulia haraka. Sita na nukta nne. Mama Mizani akaiandika nne ile polepole, mdomo wazi kama alivyofundishwa, na mashine ikaisoma sawasawa. Moyo wake ukaruka kwa furaha.

"Vipi, Mama?" mshonaji akauliza. "Namwona kama amepungua. Kuhara kulimsumbua sana."

"Subiri kidogo, mwanangu. Mashine itatuambia."

Mashine haikusema kitu. Mshonaji akamvika mwanawe nguo, akaenda zake.

Alipomwandika mtoto wa ishirini na mbili, kioo kikaandika: "Orodha imekwisha." Mtoto wa mwisho alikuwa bado ananing'inia kwenye kaptura. Mama Mizani alihesabu kwa macho, akachanganyikiwa, akajiambia pengine alihesabu vibaya asubuhi. Uzito wa yule wa mwisho hakuuandika popote. Akairudisha kalamu kwenye kitundu chake, akashukuru Mungu.

Ijumaa saa nne asubuhi, mwanamke mmoja aliingia zahanati anahema, jasho likimtiririka, mtoto mgongoni.

"Nimepigiwa simu niwahi! Mwanangu ana nini?"

Akamshusha mtoto. Wauguzi wakatazamana. Alikuwa bonge la mtoto, mikono ina mikunjo kama mkate, mashavu yamemeza pua.

"Huyu ndiye amekonda?" Mama Chanjo akauliza. "Basi mimi nizikwe leo."

Watu wakacheka hadi foleni ya nje, mpaka yule mama mwenyewe akacheka kwa nafuu aliyoipata. Sista mkuu akaangalia mashine. Mtoto wa kumi na tano, jina jekundu, kilo sita na nukta nne.

"Hitilafu ndogo," mtaalamu alisema. "Namba imekosewa. Tumpime upya, tufute hiyo, ripoti inaondoka saa sita. Na huyu wa nane hakuja, si ndiyo? Ukurasa wake mtupu."

Mama Mizani alikuwa amesimama mlangoni. Kicheko kilimfikia kama kelele ya nyumba ya jirani. Wa nane alikuja. Ndiye aliyerusha teke.

Bonge akapimwa upya. "Njoo, mama, umwandike mwenyewe," mtaalamu akamwambia Mama Mizani kwa upole. "Upate na mazoezi ya Jumatatu."

Akaichukua mashine. Safari hii hakuangalia kiboksi. Aliuangalia mkono wake mwenyewe, kama anavyomwangalia mtu anayemtilia shaka sokoni. Ukashuka. Kiganja kikalala pembeni kulia, juu ya ule mshale mdogo, na ukurasa ukageuka kimyakimya kwenda kwa mtoto anayefuata.

Hakuna mwingine aliyeona. Mtaalamu alikuwa anafunga waya wake, Sista mkuu anamuaga yule mama.

Akasimama pale na kalamu mkononi. Kama kiganja kilifanya hivi kwa wa nane, basi uzito wa mtoto wa nane uliingia kwa wa tisa, wa tisa kwa wa kumi, kila mtoto akavishwa nguo ya mwenzake hadi mwisho. Wa kumi na tano alivishwa ya wa kumi na nne. Naye wa kumi na nne alivishwa ya wa kumi na tatu, mtoto mwenye afya, ndiyo maana jina lake halikuwa jekundu. Watoto wa rika moja wanakaribiana uzito, asingejua mtu. Angemrekebisha huyu bonge tu, ripoti ingeondoka safi, na Jumatatu angejizuia mkono. Nani angemuuliza?

Alijikuta anakumbuka ile kaptura ilivyoning'inia kimya. Miaka kumi na tisa, na mtoto asiyelia kwenye mizani alikuwa akimjua kabla mshale haujatulia. Jana alikuwa anaifurahia nne.

"Sista," akasema. "Si mmoja. Wote kuanzia wa nane wamekosewa."

Sista mkuu akageuka. "Unasema nini?"

"Kiganja changu kiligusa mshale wa kuruka. Sita na nne ni ya mtoto wa mshonaji. Niliisoma mwenyewe, na nikamwachia aondoke."

Mtaalamu akauacha waya wake, akaja kuitazama mashine.

"Unajua unachokisema, Mama Mizani?" Sista mkuu alisema polepole. "Hayo ndiyo majibu ya mtihani wako."

"Najua. Niruhusu kwanza nikamlete mtoto."

Kibanda cha mshonaji kilikuwa hatua mia mbili, naye alizipiga mbio na viatu vyake vya kazini. Alimkuta mama yuko kwenye cherehani, mguu unakanyaga, na mtoto amelazwa juu ya rundo la vipande vya vitambaa. Macho ya mtoto yalikuwa wazi. Hayakumfuata mtu.

"Mwanangu, mchukue mtoto twende. Jana nilikosea."

Mguu wa mshonaji ukasimama. "Ulikosea nini?"

"Amepungua sana. Niliandika kwa mtoto mwingine."

"Nilikuuliza," mshonaji alisema. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Nilisimama mbele yako nikakuuliza. Ukaniambia mashine itatuambia."

Mama Mizani alimbeba mtoto mwenyewe, na uzani wake mikononi ukamwambia kila kitu. Kwenye mizani mshale ulikataa kufika hata sita na nne. Sista mkuu alipiga simu, gari likaja, mama na mtoto wakapelekwa hospitali kubwa.

Mchana kutwa wauguzi walipiga simu, na Jumamosi watoto kumi na wanne waliobaki walipimwa upya. Mama Mizani aliita majina, mwingine akaandika.

Jumatatu alifanya mtihani kama wenzake. Aliandika majina ishirini, mkono ukielea juu ya kioo, na hakukosea hata tarakimu moja. Alimaliza wa mwisho. Mtaalamu akamwambia kwa sauti ya chini, "Umefaulu, mama. Kosa lile la kiganja lilikuwa langu, ilinipasa niwaonye." Alikuwa kijana mzuri, na alilisema hilo tena mbele ya Sista mkuu.

Sista mkuu alisikiliza hadi mwisho. "Ofisi ya juu wameuliza nani aliandika," akasema. "Nimewapa jina. Nenda chumba cha kufulia, miezi mitatu. Baada ya hapo sijui." Kisha, bila kumtazama: "Ungenyamaza ungebaki."

"Ndiyo, Sista."

Mama Chanjo alitaka kumtania wakati anaichukua kanga yake kwenye msumari, akashindwa, akamkunjia tu ile kanga vizuri.

Jioni Mama Mizani alikwenda hospitali kubwa. Wodi ya watoto ilinuka dawa ya sakafu na maziwa. Mshonaji alikuwa kwenye benchi kando ya kitanda, kikombe mkono mmoja, kijiko mkono wa pili, anamdondoshea mtoto tone moja moja.

"Amekunywa?"

"Vijiko sita. Viwili ametapika."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema bado mapema kusema."

Mtoto akameza. Wote wawili wakaliangalia koo lile dogo hadi lilipotulia. Mshonaji akachota kijiko kingine. Hakumwambia Mama Mizani kaa, wala hakumwambia ondoka.