Mbuzi wa Mkaguzi

Nilipokuwa mtoto wa shule, watu wa Kasai walifukuzwa mjini Kolwezi. Wazazi wangu walipanda treni pamoja na wengine. Mimi nikabaki kwa mapadri juu ya masomo, na sikuwaona tena. Nasema hivi mapema ili mtu asije akaniuliza kwa nini nilimpenda hivyo mama aliyepikia kampuni yetu ya madini. Wakasai wengine walirudi baadaye, lakini mimi si mtu wa kutafuta watu. Ni yeye tu niliyezungumza naye Tshiluba, lugha ya kwetu Kasai.

Nilikuwa idara ya manunuzi. Bei ya kobalti ilipoanguka, wateja wa ng'ambo wakaanza maringo: hawanunui tena bila cheti cha mazingira, na cheti hakitoki mpaka kila anayetuuzia kitu akaguliwe, hata muuza sabuni, hata mama wa chakula. Nusu ya ofisi zilikuwa zimeshafungwa. Bila cheti hicho, na sisi kwisha.

Mama aliogopa kupoteza kazi. Nilimweleza kwamba kupikia makala, yaani mkaa, hakutakiwi tena, msitu unaisha. Akauza vikwembe vyake, vitenge vya kuvaa sikukuu, akanunua rishoo, majiko ya umeme. Umeme wa bwawa la Nzilo unakuja unapotaka, kwa hiyo aliamka kabla jogoo hajawika, apike bukari, ugali wetu. "Ee mutoto," aliniambia, "hii mazingira yenu inataka mutu asilale." Nilicheka. Siku hizo nilikuwa bado nacheka.

Mkaguzi, mzungu mmoja mpole, alifika jikoni kwake, mtaa wa Mutoshi. Akaangalia rishoo, akaangalia maji machafu yanakopita, akauliza mboga zinatoka wapi. Hakuona kosa. Alipotaka kuaga, mama akamletea kuku mzima, miguu imefungwa, akamtoa kwa mikono miwili. Kwetu mgeni hatoki mikono mitupu. Ni aibu ya nyumba. Mkaguzi akarudi nyuma. Akasema asante, lakini haruhusiwi. Nikamweleza mama kwamba kazi ya mtu huyu inamkataza zawadi, naye akaitika kwa kichwa. Lakini mtu wa kwetu akirudishiwa kuku anaelewa jambo moja tu: kuku ni mdogo, mgeni ameona amedharauliwa.

Kesho yake asubuhi akaja na mbuzi. Alimvuta kwa kamba mpaka mlangoni pa ofisi yetu, amevaa nguo za kanisa, mbele ya walinzi na mkubwa wa idara. "Tata," alimwambia mkaguzi, kama mtu anavyomwita baba, amepiga goti, "usikasirike. Jana nilikukosea." Mbuzi alikuwa ameanza kula maua. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilimtetea, Mungu anajua. Nikamwambia mkubwa wetu: huyu hahongi, huyu anaomba radhi. Akajibu bila kuniangalia, "Nayua. Mama yangu pia angefanya vile. Lakini kwa ripoti yao bameandika rushwa. Mama huyu akibakia, cheti hakitoke, na sisi bote tutaenda wapi?" Ningevumilia kama angekuwa haelewi. Alielewa, na bado akamtoa kazini. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Ilibidi nimwambie mimi, kwa Tshiluba. Hata sikujua rushwa ya kuku naiitaje katika lugha ya mama yangu, nikazunguka na maneno mengi. Alisikiliza mpaka mwisho. "Basi yule mzungu hakukasirika?" aliuliza. Nikasema hapana, hakukasirika. "Afadhali," akasema. Aliuza mbuzi na rishoo, akapanda treni kwenda kwa dada yake Kasai. Nilimsindikiza stesheni. Niliona aibu kulia mbele za watu, nikalia hivyo hivyo.

Cheti kilitoka, tukakipigia makofi, na kazi ninayo. Niko mpweke, sina neno lingine. Mara nyingine nafunga mlango wa biro yangu hapa kazini nasema Tshiluba, mambo ya kila siku tu: umeamkaje, jua ni kali, leo chumvi imezidi. Juzi mwenzangu aliingia bila kubisha, akaniuliza nasema na nani. Nikamwambia niko kwenye simu. Simu ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameniletea kutoka kantini, nilikoisahau.